Mwanafunzi ana mtindio wa ubongo na anataka kucheza: je, michezo itamzidishia kukakamaa?

*"Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha darasa la nne na kipindi cha michezo nacho nimepewa mimi ingawa sikusomea. Darasani nina watoto 74. Mmoja wa kiume ana miaka 11, ana mtindio wa ubongo, anatembea mwenyewe ila kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, akichoka anashika ukuta. Mkono wa kulia anaukunja muda wote. Kichwani yuko vizuri, hesabu anawashinda wengi. Kipindi cha michezo anakaa chini ya mwembe analinda viatu vya wenzake, tangu la kwanza ndio kazi yake. Mwaka huu kanifuata akaniambia, mwalimu na mimi nataka kucheza. Mama yake hataki, anasema aliwahi kuambiwa hospitali mtoto akitumia nguvu atazidi kukakamaa, halafu alishaanguka kifafa mara mbili akiwa mdogo, anatumia dawa mpaka leo. Mwalimu mkuu anaogopa lawama. Mwenzangu mmoja anasema niwe namnyoosha miguu kwa nguvu kila siku italegea. Tuna mipira miwili, kamba na uwanja wa mchanga, basi. Nifanye nini jamani, nisije nikamuumiza mtoto wa watu?"*

Mwalimu, asante kwa kuandika kwa kirefu, manake wengi wananiletea sentensi moja tu, "nina mlemavu darasani nifanyeje", halafu nabaki nabahatisha. Wewe umenipa vidole, magoti, mkono, mwembe na viatu, kwa hiyo naweza kukujibu kama tumekaa wote kwenye benchi moja tunamwangalia.

Nikiichuja hofu yako naona ni moja, kwamba ukimchezesha utamuumiza. Mama anayo hiyohiyo, na mkuu wako anayo pia sema yake imevaa koti la lawama. Jibu la haraka: mtoto anayetembea mwenyewe, ambaye kifafa chake kimetulia na dawa, anaweza kucheza na anatakiwa acheze. Kumuacha chini ya mwembe nako kunamuumiza, ila polepole mno hadi hakuna anayelaumiwa.

Tuanze na jina lenyewe kwa sababu linapotosha. Watu wakisikia mtindio wa ubongo wanadhani ni ugonjwa wa akili, na ndio maana unaona wengine wanaongea na mtoto kama yuko chekechea. Mtindio ni jeraha kwenye sehemu za ubongo zinazoendesha misuli, linalotokea tumboni, wakati wa kujifungua au miaka ya mwanzo mwanzo: mtoto kachelewa kulia, au kazaliwa njiti, au kapata manjano kali, homa ya uti wa mgongo, malaria imepanda kichwani. Wapo ambao uelewa nao umeguswa na wapo kama huyu wako anayewaburuza wenzake kwenye hesabu. La muhimu kwako ni kwamba jeraha lile haliendelei. Ila mtoto anakua, na hapo ndio kasheshe inapoanza, mifupa inarefuka na misuli iliyokaza hairefuki kwa kasi ileile, kwa hiyo kuanzia umri huo wake mpaka amalize kubalehe unaweza kumuona kama anarudi nyuma, visigino vinapanda zaidi, magoti yanajikunja zaidi. Ikitokea mwaka huohuo umeanza kumchezesha watasema ni wewe. Mweleze mama hili mapema, kabla hujapuliza hata filimbi ya kwanza.

Sasa kukaza kwenyewe. Kila msuli una vihisio ndani vinavyopima unavutwa kwa kasi gani. Ukivutwa ghafla, taarifa inakimbia mpaka kwenye uti wa mgongo na amri inarudi palepale: jikaze. Ni ile daktari anagonga goti na kinyundo mguu unaruka wenyewe. Kwa mimi na wewe ubongo unaituliza hiyo amri muda wote, kwa mtoto huyu sauti ya kutuliza ni hafifu kwa hiyo amri inafika nzimanzima. Fikiria mkanda wa kiti cha mbele kwenye gari, ukiuvuta taratibu unakuja wote, ukiuvuta kwa pupa unagoma. Misuli yake iko hivyohivyo. Kinachomkamata ni kasi na ughafla.

Ukishalielewa hilo utaanza kuona vitu ambavyo ulikuwa unavipita. Filimbi ikilia nyuma yake anashtuka mwili mzima, mkono unapanda, anaweza hata kwenda chini, na watoto wanacheka wakidhani ni mwoga. Simama mbele yake, inua mkono juu akuone, ndio upulize. Asubuhi ya baridi anakaza zaidi. Akiogopa anakaza, akibanwa na mkojo anakaza, akikaa siku mbili hajapata choo anakaza, homa ikianza anakaza. Siku ukimuona mgumu kuliko kawaida uliza hayo kwanza kabla ya kusingizia mchezo wa jana.

Na lile la mama kuambiwa asitumie nguvu, mama hakudanganywa makusudi. Wataalamu wenyewe kwa miaka mingi tulifundishwa hivyo, fundisho lenye mizizi yake kwa mtu na mkewe waliokuwa London, Karel na Berta Bobath, ambao jina lao lilikuwa kubwa sana kwenye fani yetu ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na nisiwavunjie heshima, walisaidia watoto wengi ambao kabla yao walikuwa wanalazwa tu kitandani. Lakini hili la nguvu lilipokuja kupimwa vizuri, kuanzia miaka ya 1990, ikaonekana misuli inaongezeka nguvu na kukaza hakuongezeki. Tena kikaonekana kitu ambacho macho yanatudanganya kila siku, kwamba msuli uliokaza ni msuli dhaifu. Ukiushika ni mgumu kama tofali, ukimwambia asukume nao hamna kitu. Kwa hiyo miaka yote tunawanyima mazoezi ya nguvu watoto ambao tatizo lao mojawapo ni kukosa nguvu.

Ila niwe mkweli upande wa pili, usije ukamuahidi mama mambo makubwa. Nguvu inaongezeka, sawa, lakini mwendo wake hautanyooka kwa sababu ya michezo, mabadiliko ya kutembea huwa madogo na kwa wengine hayaonekani kabisa. Anachopata ni vitu vya maisha: kunyanyuka kwenye dawati bila kujivuta, kupanda zile ngazi za choo cha shule, kumaliza kipindi bila kushika ukuta.

Cha kuanza nacho ni rahisi hadi aibu. Kwenye kupasha mwili, wote 74, sio yeye peke yake, wakae kwenye ukingo wa baraza la darasa kisha wasimame taratibu bila kutumia mikono, na washuke taratibu vilevile. Yeye mara 8 mpaka 12, apumzike, arudie, seti tatu. Siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Ikishakuwa rahisi mtafutie sehemu ya chini zaidi ya kukalia, ndio inakuwa ngumu. Upe kama wiki 8 kabla hujasema haifanyi kazi.

Kuhusu mwenzako wa kunyoosha kwa nguvu, mshukuru kwa nia lakini mkatalie. Ukivuta kwa nguvu unauamsha ule mkanda wa gari, mtoto anashindana na wewe, na mtoto aliyekaa sana bila kucheza mifupa yake huwa sio imara hivyo, inaweza ikavunjika mkononi mwako. Na hata kule kunyoosha taratibu, tafiti zinaonyesha peke yake hakuzuii sana kiungo kukunjamana, kinachosaidia zaidi ni kiungo kutumika. Mi mwenyewe nilikuwa nawavuta watoto viungo hivyo, mwalimu. Nilipoanza kazi ndivyo nilivyofundishwa na nilikuwa najiona hodari, mpaka kuna binti mdogo ambaye alikuwa akiniona tu getini anaanza kulia na mwili unakaza kabla sijamgusa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kinachomkaza ni mimi.

Kifafa. Kukimbia na kucheza ni mara chache sana kumuangusha mtu kifafa. Kinachowaangusha wengi ni kuruka dozi, kukosa usingizi, homa. Kwa hiyo swali lako kwa mama kila siku ya michezo ni fupi tu, kameza? kalala? Mambo ya kumkataza ni machache: asipande juu ya mti wala ukuta, asiingie kwenye maji bila mtu mzima aliye karibu kabisa. Akianguka uwanjani, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, na zile habari za kumnusisha kiatu au kitunguu achana nazo. Ikipita dakika 5 haijakata, au imekata ikarudi kabla hajazinduka, hapo ni hospitali mbio. Wafundishe na viranja wawili, manake siku hiyo wewe unaweza kuwa upande wa pili wa uwanja.

Hapa nichomekee tahadhari, kwa sababu najua walimu wengine watachukua majibu haya na kuyapeleka kwa mtoto mwingine. Haya ya nguvu nayasema kwa mtindio. Kuna watoto wa kiume ambao walikuwa wanatembea vizuri tu, kufika miaka mitano au saba wanaanza kuanguka ovyo, vigimbi vimejaa kama vya mchezaji, na wakinyanyuka kutoka chini wanajipanda kwa mikono juu ya mapaja yao wenyewe. Huo ni ugonjwa wa misuli unaoendelea, na mazoezi mazito yanaweza kumharibia, huyo apelekwe hospitali kwanza. Na mtoto mwenye Down syndrome, ile hali ya kuzaliwa nayo, usimbiringishe kichwa-chini wala sarakasi kabla shingo yake haijaangaliwa na daktari, baadhi yao mifupa ya juu ya shingo imelegea.

Turudi kwa mwanafunzi wako. Kitu ambacho kitakusumbua kuliko vyote sio kukaza, ni kuchoka. Mtoto wa namna yake kutembea tu kunamla nguvu mara mbili mpaka tatu ya mtoto mwingine. Yaani akifika uwanjani kutoka darasani ameshacheza kipindi cha kwanza. Wakimaliza mzunguko mmoja wa uwanja kwa kupasha mwili yeye kaisha, na wewe utasema hawezi, kumbe umeshammaliza nguvu. Kwa hiyo yeye atangulie kwenda uwanjani na rafiki mmoja dakika chache kabla, mzunguko wake uwe nusu, na acheze dakika tatu apumzike mbili, arudi. Akichoka utaona vidole vinakwaruza chini na magoti yanasagana zaidi, usisubiri aseme, hatasema, amesubiri miaka mitatu hiyo nafasi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mazoezi 2020 liliwaweka na watu wenye ulemavu kwa mara ya kwanza, na kwa watoto wao wa miaka 5 hadi 17 likasema wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha hadi mapigo ya moyo yapande, ileile ya watoto wote. Usitishike na hiyo 60, mwongozo huohuo unasema kidogo ni bora kuliko sifuri, na yeye sasa hivi yuko kwenye sifuri.

Sasa uwanjani, hapa ndio napapenda. Kila mchezo una vitu vinne unavyoweza kuvigeuza: eneo, kazi ya mchezaji, kifaa, na watu anaocheza nao. Mtoto akishindwa geuza kimoja, uone, ndio ugeuze kingine. Ukivigeuza vyote kwa pamoja inakuwa sio mchezo tena, ni sherehe ya huruma, na watoto wanaijua huruma haraka sana.

Chukua rede. Hapo kwako bila shaka wanaicheza, wawili warushaji huku na huku, wa katikati anakwepa mpira huku anajaza mchanga kwenye chupa. Huyu kijana mpe urushaji, akae kwenye kigoda au tairi ili nguvu yote iende kwenye mkono wa kushoto badala ya kuhangaika kusimama, na sogeza mstari wake hatua mbili mbele. Ikifika zamu yake ya kuwa katikati, mpe mwenzake wa kumkinga, mpira ukimgonga mlinzi sio auti. Angalia kinachotokea kwenye ile chupa: mkono wa kulia unashika, wa kushoto unachota. Mkono uliokunjwa hautakuwa wa kuandika, lakini unaweza kuwa wa kushikilia, na atashikilia chupa mara hamsini bila kuombwa kwa sababu anataka kushinda. Mimi kliniki nikimwambia ashike kitu mara hamsini ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Mpira uwe wa soksi, usiwe wa ngozi.

Mchezo wa pili ndio ningeuanza kesho. Unaitwa boccia, tamka bocha, uko kwenye Paralimpiki, ile Olimpiki ya watu wenye ulemavu, tangu 1984 na ulianza kwa ajili ya watu wenye mtindio haswa. Mipira sita myekundu, sita ya bluu, mmoja mweupe. Mweupe unarushwa kwanza, halafu kila upande unasogeza yake iwe karibu nao kuliko ya mpinzani, ukiweza unaigonga ya mwenzako iondoke. Wote wanakaa. Uwanja wa mashindano ni mita 12.5 kwa 6, wewe pima hatua chini ya ule mwembe. Mpira halisi una gramu 275 hivi, robo kilo na kidogo, kwa hiyo soksi kuukuu yenye mchanga na matambara, ukaifunga na kitambaa cha rangi, imetosha. Mwenye mikono isiyorusha kabisa anatumia mfereji, bomba la plastiki lililopasuliwa katikati kwa urefu linatosha, na msaidizi anayeshika mfereji kwenye mashindano anakaa ameupa uwanja mgongo, haruhusiwi kuangalia, mchezaji mwenyewe ndio anamuelekeza sogeza kushoto, inua. Naupenda mchezo huu kwa jambo moja, mtoto wa hesabu anautawala. Mwache awafunge hao wanaomuiga anavyotembea.

Kuna voliboli ya kukaa pia, uwanja mita 10 kwa 6, wavu wa wanawake una mita 1.05 na wa wanaume 1.15, kamba mbili na kanga juu yake zinatosha. Lakini hapa angalia mtego, huyu kijana ukimkalisha chini miguu imenyooka mbele ataanguka kinyumenyume, misuli ya nyuma ya mapaja ni mifupi inavuta kiuno. Utadhani hana balansi. Mpe gunia lililokunjwa au kigoda kifupi akalie, magoti yalegee kidogo, uone mgongo unavyosimama. Na mchanga wa saa sita unaunguza, cheza asubuhi au tandika turubai.

Mpira wa miguu najua ndio watakaoulilia. Soka la watu wenye mtindio, la wachezaji saba, lilikuwa kwenye Paralimpiki tangu 1984 mpaka 2016, na sheria zake zinakupa mawazo: hakuna ofsaidi, na mpira wa kurusha unaruhusiwa kuviringishwa kwa mkono mmoja. Wewe ongeza moja, chandimu ya kutembea, anayekimbia ni faulo. Dakika tano za kwanza ni vicheko na fujo, halafu wanagundua kutembea kunataka akili ya pasi. Sikufichi, kwa watoto wengi hivyo sheria hii itakuchosha koo, usiicheze kila wiki.

Kwa idadi yako usijaribu kuwachezesha wote kitu kimoja. Gawa vituo vitano, kila kimoja watoto 15 hivi na kiranja: rede, bocha, kamba, chandimu, na kile cha kukaa na kusimama. Baada ya dakika sita au saba wanabadilishana. Yeye azunguke vituo vitatu, viwili apumzike akiwa mwamuzi au mhesabu pointi, na anapohesabu pointi iwe anapumzika kweli, isiwe ndio viatu vimebadilishwa jina. Viatu viwekwe zamu kwa darasa zima.

Utaulizwa, kwa nini asipelekwe shule yenye kitengo maalumu? Swali la haki kabisa. Kama pangekuwa na shule karibu yenye walimu waliosomea, tuseme waliotoka Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, na watoto wenzake wa kushindana nao, kuna faida ambayo wewe huwezi kumpa: kukutana na mtu anayetembea kama yeye akamshinda au akashindwa naye. Kushinda dhidi ya watoto ambao umewapunguzia mwendo hakulingani na hilo, naye atalijua akikua kidogo. Lakini kumtoa kwenye shule anayofanya vizuri, mbali na mama, kwa ajili ya michezo tu, mi nisingefanya. Njia ya katikati ni kumchanganya siku za kawaida, na mkipata shule jirani zenye watoto wenye ulemavu mkutane hata mara moja kwa muhula mcheze bocha. Pia ulizia kwa afisa elimu wenu kuhusu michezo ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu kwenye UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi.

Mkuu wako ana haki ya kuogopa, usimbishie. Mpelekee karatasi: cheti cha kliniki, ridhaa ya mama, jina la dawa ya kifafa, namba ya simu, na utakachofanya akianguka. Halafu mkumbushe kwa adabu kwamba upande wa pili wa lawama nao upo, Tanzania iliridhia 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ibara ya 30 inataja kabisa watoto wenye ulemavu kushiriki michezo sawa na wenzao, ikiwemo ya shuleni. Na mama usimtumie barua. Mwite siku ya bocha, mkalishe hapohapo kivulini, aangalie tu bila kuhubiriwa. Mama wa namna hii amembeba mtoto mgongoni hospitali moja hadi nyingine miaka 11, akikataa sio ushamba, ana sababu zake na nyingi alipewa na watu wenye makoti meupe kama mimi.

Kabla ya wiki ya kwanza, au hata ndani ya mwezi wa kwanza, aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia ana kwa ana. Hospitali ya rufaa ya mkoa wenu iulizie, hospitali ya CCBRT Dar wanahudumia watoto hawa, hospitali ya KCMC Moshi pia, na pale Moshi kuna chuo cha TATCOT wanakofundishwa mafundi wa vifaa vya kushikilia kifundo cha mguu. Sijamuona mtoto, kuna vitu karatasi haionyeshi. Naomba waangalie nyonga haswa, na wampige eksirei, kwa sababu karibu theluthi ya watoto wenye mtindio nyonga inaanza kuchomoka kidogokidogo, zaidi wale wasiotembea, na mwanzoni haiumi. Akiwa na kifaa cha mguuni, mvue baada ya michezo, wekundu ambao haujapotea baada ya nusu saa unamaanisha kinabana, kirudi kwa fundi.

Usisubiri kliniki ya mwezi ujao ukiona haya: maumivu ya nyonga, paja au goti ambayo yapo hata kesho yake, kifafa kimerudi au kimeongezeka, kuumwa kichwa kila asubuhi na kutapika, mkojo umeanza kumtoka wakati haukuwa hivyo, au jambo alilokuwa analiweza kabisa amelipoteza ndani ya wiki chache. Nimesema jeraha la mtindio haliendelei, kwa hiyo mtoto anayepoteza uwezo kwa kasi hivyo kuna kitu kingine, pengine hata jina la ugonjwa lilikosewa tangu mwanzo. Hapo simamisha michezo mpaka aonwe.

Na kuna mtu mmoja hujaniambia kama ulishamuuliza. Alikuja akakuambia anataka kucheza, sawa, kucheza nini? Nimewahi kupanga bocha, nimeshona mipira, nimechora uwanja, mtoto akaniambia kwa adabu kabisa yeye anataka kuwa golikipa. Wako naye akitaka kudaka, fanya goli liwe dogo, hatua tatu kwa matofali, mpira wa soksi, mchanga uwe mwingi pale anaposimama, na mfundishe kwanza kuanguka kwa ubavu wa kushoto, taratibu, mara nyingi, kabla hamjaanza kupiga mashuti.